Mgeni wa Siku Kumi

Kuopio, Februari. Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani ya friza, themanini.
Natoa kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho,
nakiacha kiyeyuke juu ya barafu, polepole,
kama kanuni inavyotaka.

Humo, labda, mna kirusi cha mafua.
Labda. Vichupa vimefanana kama mapacha,
hiki kina mgeni, hiki maji ya chumvi,
na jibu limefungiwa katika bahasha
ambayo sisi wauguzi hatuna ruhusa hata ya kuiota.

Mgeni mwenyewe tumemvua silaha.
Pale pa kuzaana tumepakata;
hatakuwa na mtoto wala mjukuu.
Ufunguo tu tumemwachia,
maana kufungua milango ya watu ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.
Mwizi stadi: tumemfanya tarishi.
Barua aliyobeba ni fupi, jeni moja,
na seli za ukuta wa mshipa zitaisoma hivi:
chipueni.

Taisto Hyvärinen amelala chali, suruali imekunjwa hadi gotini.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la kusukuma theluji,
saa tisa za usiku,
ili basi la shule likute lami.
Sasa barabara za mguu wake mwenyewe zimeziba:
mafuta, chokaa, sigara za ujana.
Hulala mguu ukining'inia nje ya kitanda
ili damu ishuke japo kwa uzito wake.
Kidole gumba kina rangi ya bilingani.

"Huyo mdudu wenu," ananiuliza, "ataizibua barabara kuu?"
Hapana, Taisto. Barabara kuu imekwisha.
Huyu ni wa njia za panya.

Sindano kumi katika shavu la mguu.
Anazihesabu kwa sauti, ya saba anairuka.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hatukumngoja;
jembe tulimkabidhi mlangoni.
Na siku ya kumi askari wa mwili wataamka,
watamtambua, watamtoa nje.
Hilo nalo tumelitaka:
akae muda wa kulima, si wa kurithi shamba.
Mishipa ikichipua bila kikomo ni balaa jingine,
lenye jina ambalo wodini halitajwi ovyo.

Taisto aliamini.
Kila asubuhi akaenda kwa miguu kuelekea ziwani,
"Nimempa mtu kazi, sharti nimwonyeshe shamba."
Hatua sitini, maumivu, anasimama, anashika uzio wa jirani.
Tena sitini.
Mwezi Mei, mia nne.
Kipimajoto changu kikapanda nyuzi mbili juu ya kidole gumba
nikaandika, mwandiko umepinda.

Oktoba bahasha ikafunguliwa.
Lempi Tossavainen, mshona mapazia, chumba cha pili: mgeni.
Picha yake ina vishipa vipya, vyembamba kama mizizi ya kitunguu.
Analala usiku kucha sasa,
ingawa vidole viwili tulivipoteza njiani.
Taisto: maji ya chumvi.

Nilimpigia simu mwenyewe.
Kimya. Kokoto chini ya viatu; alikuwa matembezini.
"Basi ni nani aliyelima?"

Nilikuwa na jibu la vitabuni:
kwamba msuli ukifanyishwa kazi na njaa yake
nao huandika barua,
ileile, neno kwa neno,
na huipeleka bila tarishi.
Nilimwambia. Akasema, "Mh."
Kisha akauliza kama bado anaweza kupata ile halisi,
maana kufika ziwani amefika,
lakini kurudi kuna kilima.

Nitaulizia, nikasema.

Friza inanguruma ukutani.
Nyuzi themanini chini ya sifuri,
wageni wamekaa kimya,
majembe begani.